Aliyepotea Hutafutwa kwa Miguu



Iko methali moja tunayoipenda sana sisi watu wa milimani, hasa jioni tukiwa tumekaa barazani na kazi imekwisha: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nami nilikuwa naipenda, na nilikuwa mwepesi wa kuitaja. Leo nataka kukusimulia jinsi nilivyoitumia vibaya, na hasara niliyoipata, ili wewe uliye na binti mjini upate kujihadhari.

Mimi ni mkulima wa Mgeta, huku juu Uluguru. Nalima njegere, kabichi na karoti, na mbuzi wa maziwa ninao wawili. Nina watoto wangu, lakini ninyi mnaotujua Waluguru mwajua kwamba kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama. Shamba ni la ukoo, nao ukoo hupita kwa wanawake. Mtoto wa dada yangu ni wangu kuliko mnavyodhani watu wa mahali pengine. Akiugua naulizwa mimi. Akiposwa, mahari husemwa na mimi. Na akipotea, mimi mjomba ndiye wa kwanza kuinuka.

Basi, binti wa dada yangu mkubwa alikwenda Dar es Salaam mwaka 2023, akiwa na miaka 19, kufanya kazi za nyumbani. Kazi ile ililetwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akija huku kununua njegere. Hatukumwuliza mengi. Hatukuandika jina la huyo tajiri, wala mtaa anaokaa, wala namba yake ya simu. Binti alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya Misa, akizungumza na mama yake, nasi tukatulia.

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2024 alipiga kama kawaida. Jumapili iliyofuata hakupiga. Tukampigia, simu yake imefungwa. Tukasema labda imeharibika. Ijumaa ya juma lile lile, tarehe 12 Julai, ndipo redio ilipoleta habari za Kware.

Labda nawe uliisikia habari ile. Kware ni mahali katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, mjini Nairobi. Pana shimo kubwa ambalo zamani lilikuwa machimbo ya mawe, likaachwa, likajaa maji machafu na takataka za mji. Siku ile miili ya watu ilionekana humo, imekatwa na kufungwa katika viroba. Siku zilizofuata vikatolewa viroba vingine. Miili iliyotambulika kuwa ya kike ilikuwa ya wanawake vijana. Kituo cha polisi kilikuwa hapo karibu, hata mita 100 hazitimii.

Tena ilisimuliwa kwamba ndugu wa mwanamke mmoja aliyepotea walikuwa wamemtafuta kila mahali bila kumpata, ndipo mmoja wao akamwota marehemu akiwaelekeza shimoni. Wakawalipa vijana waingie katika yale maji. Watu wengi walilishika sana lile neno la ndoto. Nakuomba ulishike pia lile neno la kuwalipa vijana, maana nitalirudia.

Jumatatu tarehe 15 Julai polisi wa Kenya wakatangaza kwamba wamemkamata mtu mmoja, Collins Jumaisi Khalusha, mwenye miaka 33, alfajiri, katika baa aliyokwenda kutazama mpira wa fainali ya Ulaya. Walisema wamemfuata kwa nyayo za simu ya mmoja wa wanawake wale na fedha zilizotumwa kwa simu hiyo. Wakasema amekiri kuua wanawake 42 tangu mwaka 2022, na wa kwanza ni mke wake mwenyewe. Mkuu wa upelelezi akamwita mnyonya damu. Lakini wakili wa mtuhumiwa alisema mahakamani kwamba mteja wake aliteswa mpaka akasema yale aliyoyasema.

Sasa fikiri, msomaji, neno lile "mnyonya damu" lilivyotua huku kwetu.

Sisi tuna habari za mumiani tangu enzi za wazee. Neno lenyewe ni la kale. Limetoka Uajemi, lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa pwani kwa kutibu mifupa iliyovunjika. Watu wakasema imetengenezwa kwa damu ya binadamu, na kamusi za Kiswahili za karne ya 19 zimekwisha yaandika maneno hayo. Wakati wa Mwingereza habari zikaenea Tanganyika, Kenya na Uganda kwamba wako watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwatoa damu. Mjini walishukiwa watu wa zimamoto, na Nairobi na Kampala jina la zimamoto likawa ndilo jina la wanyonya damu. Huku kwetu waliitwa mumiani au chinjachinja, na mgeni yeyote mwenye gari, hema au vyombo vya kupimia ardhi aliweza kutiliwa mashaka.

Usiwacheke wazee wetu. Misafara ya watumwa ilipita chini ya milima hii kwenda Bagamoyo. Vita vya mwaka 1914 vilipokuja, wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikufa kwa homa, njaa na kuhara, bila ndugu zao kuonyeshwa hata kaburi. Baadaye wako waliochukuliwa kwenda kukata mkonge, na wengine wao hawakurudi. Mtu akichukuliwa mbele ya macho yako, asirudi, wala asiwepo wa kukuambia amekwenda wapi, utamtafutia mwenyewe maelezo. Mumiani yalikuwa maelezo. Yalikosea juu ya damu, lakini juu ya watu kuchukuliwa hayakukosea.

Basi tukarithi ule mtindo wa kueleza, nasi tukautumia kwa mpwa wangu.

Barazani kwangu yalizuka maneno matatu. La kwanza lilikuwa la dereva mmoja wa magari ya mboga. Alisema wasichana wanakusanywa Dar es Salaam na kupelekwa Nairobi, viungo vyao vinauzwa, na Kware ndipo mabaki yanapotupwa. La pili lilikuwa la vijana: ati binti ameshika mimba, amejificha kwa aibu, tusisumbuke, atarudi na mtoto mgongoni. La tatu lilianza kwa kunong'ona, nalo ndilo baya kuliko yote.

Juu ya shamba langu palikuwa na shamba la bibi mmoja mjane. Kiangazi kile njegere zake zilikuwa nzuri kuliko za watu wengine, naye ni mzee wa miaka zaidi ya 70, miguu inamwuma, hana mtu wa kumlimia. Tena watu walikuwa wameona taa ikitembea shambani mwake saa nane za usiku. Wakaanza kuulizana: Nani anayelima pale usiku? Wakajijibu: Amemchukua binti yule, amemfanya msukule.

Msomaji, hapa nasema jambo linaloniaibisha. Huku Mgeta twamwagilia mashamba kwa mifereji, na maji hugawiwa kwa zamu. Mimi ni mmoja wa kamati ya mfereji wetu, na daftari la zamu lilikaa nyumbani kwangu. Bibi yule hakuwa na mwanamume wa kumpigania katika mkutano, kwa hiyo alikuwa amepewa zamu isiyotakiwa na mtu, yaani usiku, tangu saa saba mpaka saa kumi. Taa ile ilikuwa taa ya bibi akifungulia maji yake. Njegere zake zilikuwa nzuri kwa sababu maji ya usiku hayakauki upesi, na kwa sababu hakukosa zamu hata moja. Nilijua yote hayo. Mkono wangu ndio ulioandika zamu ile. Lakini waliponong'ona mbele yangu, nilitikisa kichwa tu, nikasema, "Lisemwalo lipo."

Kwa nini nilisema hivyo? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani ni kwa sababu maneno yale yalinipa nafuu. Kama mpwa wangu alikuwa msukule, au viungo vyake vilikwisha uzwa Nairobi, basi mimi mjomba sikuwa na la kufanya. Sikuwa na haja ya kuuza mbuzi nipate nauli. Ningekaa pale pale, nitikise kichwa, na watu wangenipa pole.

Siku mbili baada ya habari za kukamatwa mtu yule wa Nairobi, simu yangu ililia jioni. Namba ilikuwa ngeni. Mke wangu akapokea. Sauti ya mwanamke asiyemjua ikasema, "Ninaye binti yenu hapa kwangu." Mke wangu alipiga kelele, akaikata. Mimi nikamsifu kwa werevu wake. Barazani wakasema ndiyo desturi yao, wanakuita ili wapate fedha, na ukijibu umekwisha. Namba ile ililia mara tatu tena juma lile. Hatukupokea. Kisha ikanyamaza.

Mwanzo wa Agosti, asubuhi, tulikuta njegere za bibi zimeng'olewa mstari kwa mstari. Hakuna aliyekiri. Siku ya tatu bibi akafunga mzigo, akateremka kwenda Mlali kwa binti yake. Alipita mbele ya nyumba yangu, akaniamkia kwa adabu kama desturi, nami nikaitikia nikitazama chini.

Sasa turudi Nairobi, maana nataka upime pamoja nami maneno waliyosema watu wa kule. Nao walikuwa na yao, tena mengi. Wapelelezi wenyewe, kabla ya kumkamata mtu, walisema huenda ni kazi ya muuaji mmoja, au kundi la dini potofu, au matabibu wahalifu. Neno la dini potofu halikutoka hewani. Mwaka uliotangulia, 2023, katika msitu wa Shakahola karibu na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, aliyeshtakiwa kuwa aliwafundisha kufunga kula mpaka wafe. Watu wengine waliwashuku polisi. Neno hilo nalo lilikuwa na mzizi, kwa maana mwezi wa Juni 2024 vijana wa Kenya walikuwa wameandamana kupinga muswada wa kodi, wengine wakauawa, wengine wakakamatwa na watu wasiojulikana. Tena shimo lile lilikuwa jirani na kituo. Hata chombo cha serikali kinachowasimamia polisi kilitangaza kwamba kitachunguza kama polisi walihusika.

Kila neno lina kitu cha kuliunga mkono, na kila neno lina pengo. Kama ni mtu mmoja, aliwezaje kubeba mizigo ile kwa miaka miwili kando ya kituo cha polisi bila kuonekana? Kama ni polisi, kwa nini waliouawa wawe wanawake, hali walioandamana walikuwa wa kike na wa kiume? Kama kukiri kwake ni kweli, ni akina nani hao 42, na ndugu zao wako wapi? Kama kukiri kwake kulitolewa kwa mateso, basi aliyewaua yu huru. Maswali hayo yalikuwa ya kujibiwa mahakamani. Lakini alfajiri ya tarehe 20 Agosti 2024 mtuhumiwa alitoroka katika kituo cha polisi cha Gigiri pamoja na mahabusu 12 raia wa Eritrea, waya wa juu ukiwa umekatwa. Wakuu wa polisi walikiri kwamba huenda alisaidiwa na watu wa ndani, na askari waliokuwa kazini wakasimamishwa. Ndugu wa marehemu wakabaki na shimo, na viroba, na maneno.

Uganda nako, mwaka 2017, katika sehemu za Entebbe na Nansana, maiti za wanawake zaidi ya 20 ziliokotwa kwa muda wa miezi michache. Huko pia yalisemwa mengi: makafara ya kutafuta utajiri, waganga, wapenzi wao, siasa. Maneno yalienda mbio kuliko ushahidi.

Nimeyafikiri sana mambo hayo, nami naona hivi. Si dhambi kukisia. Mpelelezi naye hukisia. Tofauti ni kwamba yeye akisha kukisia huenda akatazama kama ni kweli. Wapelelezi wa Nairobi walipofikiri kwamba aliyechukua simu ya marehemu ndiye atakayejua habari zake, waliifuata simu. Ndugu wa yule marehemu, waliposema yumo shimoni, hawakuketi wakalia. Walitoa fedha vijana wakaingia majini. Hata kama ilikuwa ndoto, iliwainua. Sisi wa Mgeta tulikisia mara tatu, wala kisio hata moja halikututoa barazani. Kama kweli tuliamini kwamba ana mimba na aibu, mbona hatukumfuata tumwambie arudi? Kama kweli tuliamini kwamba wasichana wanakusanywa Dar es Salaam, mbona hatukwenda polisi? Mtu aaminiye nyumba inaungua hachukui kigoda akaketi.

Na jambo la pili. Kisio la mpelelezi likikosa, huliacha akashika jingine. Kisio letu lilipokosa, lilikuwa limekwisha mng'oa bibi shambani. Wengine nchini mwetu wametendewa mabaya zaidi. Upande wa Usukuma vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa jikoni miaka mingi. Ndugu zetu albino wameuawa kwa sababu mtu alisema viungo vyao vinaleta mali. Serikali ikapiga marufuku ramli chonganishi mwezi wa Januari 2015, lakini ramli haihitaji mganga wala vibuyu. Baraza yangu ilikuwa ikipiga ramli kila jioni, nami ndiye mwenye baraza. Tuliofundishwa amri ya nane tangu utotoni twadhani kwamba humvunja yule tu asemaye uongo. Mimi sikusema uongo. Nilinyamaza nikiwa na daftari la kweli sandukuni.

Habari za kutoroka kwa yule mtu zilipotufikia, baraza ilijaa. Dereva alisema, "Niliwaambia, ana dawa ya kupotea." Watu wakacheka kidogo, wakaongeza. Dada yangu alikuwa amekaa pembeni akichambua mboga. Hakuwa amesema neno kwa majuma mengi. Akaweka ungo chini, akaniuliza, "Kaka, kati yenu wote hapa, nani amekwenda hata Mlali kumwuliza mtu?"

Hakuna aliyejibu. Usiku ule sikulala. Asubuhi niliuza mbuzi mmoja, nikapanda gari la kabichi, nikashuka Morogoro.

Kituoni nilielekezwa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Askari aliyenipokea alikuwa mwanamke kijana, ningeweza kumzaa. Hakuniuliza nadhani nini. Aliniuliza ninajua nini. Alizungumza nasi mara ya mwisho siku gani? Picha yake ninayo? Ana alama gani mwilini? Nani aliyemtafutia kazi, na anapatikanaje? Alikuwa na rafiki gani? Tangu alipopotea, kuna mtu yeyote aliyepiga simu?

Nikasema, "Hakuna, ila wale wahuni."

Akasema, "Wahuni gani?"

Nikampa namba. Akaipiga pale pale, mbele yangu. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke, na nyuma yake nikasikia masufuria. Alikuwa mama lishe wa Mbagala. Askari alipojitambulisha, yule mama alisema, "Afadhali mmepiga. Watu wa kwao wamekataa kupokea simu."

Kumbe mambo yalikuwa hivi. Tajiri wake, ambaye simtaji, alimnyima mshahara wa miezi mitano, kisha akamnyang'anya simu. Usiku mmoja mwanzoni mwa Julai binti alitoka na nguo alizovaa. Alitembea mpaka kulipokucha, na homa ikampata, akaanguka karibu na kibanda cha yule mama. Mama akamchukua kwake. Namba ya pekee aliyoikumbuka binti kichwani ilikuwa yangu, kwa sababu sijaibadilisha miaka mingi. Alikuwa mgonjwa wa kutoweza kusema, ndiyo sababu mama alisema mwenyewe. Alipopata nafuu alipiga yeye, mara tatu. Hatukupokea. Akaamini kwamba tumemkataa kwa sababu amekimbia kazi na hana fedha ya kuleta nyumbani. Akaanza kuosha vyombo kwa yule mama ili apate nauli ya kwenda mahali pengine, popote isipokuwa kwetu.

Nilimfuata kwa lile gari moshi jipya la umeme, lililoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni mwaka ule. Haikuwa safari ya saa mbili. Majuma saba nilikuwa nikimtafuta kwa mdomo, naye alikuwa umbali wa safari fupi namna ile. Aliponiona hakunikimbilia. Alisimama na kitambaa cha kuoshea mkononi, akaniuliza, "Mjomba, mbona mlinikatia simu?"

Msomaji, mimi nilipata bahati. Ndugu wa wale wa Kware hawakuipata, na wako wengine wengi, Afrika ya Mashariki yote, ambao hata wakitafuta kwa miguu miaka kumi hawatapata ila mifupa, au hawatapata kitu. Sisemi kwamba kila aliyepotea yuko kwa mama lishe. Nasema kwamba hatuwezi kujua ni nani yuko kwa mama lishe na nani yuko shimoni mpaka tumekwenda kuuliza.

Kwa hiyo nakusihi mambo haya machache. Binti asitoke nyumbani kabla hujaandika kwenye karatasi jina la mwajiri wake, mtaa anaokaa, namba ya simu yake na ya jirani yake mmoja. Mtu anayekuja kuchukua wasichana na hataki kutoa hayo, mkatalie, tena mtaje kwa mwenyekiti wa kijiji. Iko Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, nayo inamhusu. Mfundishe binti kukariri namba mbili za simu, siyo kuzihifadhi simuni tu. Akinyamaza pasipo desturi, usingoje wiki ziishe. Nenda polisi, toa taarifa, na uombe namba ya taarifa hiyo, yaani RB, uifuatilie. Akiwa bado mtoto, iko pia namba 116, unapiga bila malipo. Waambie wanajumuiya walio na ndugu mjini, maana jumuiya zetu ndogo ndogo ziko kila mtaa wa Dar es Salaam, na macho mengi ni bora kuliko midomo mingi. Namba ngeni ikilia, pokea. Ukiogopa, pokea mbele ya watu, au mpe polisi aipige. Usitume fedha, lakini sikiliza.

Na mtu akileta neno barazani kwako juu ya aliyepotea, mwulize: Umeliona mwenyewe? Na kama ni kweli, linatutuma kwenda wapi? Kama halitutumi mahali, na tena linamtaja jirani, lizime hapo hapo. Kama una daftari linaloonyesha ukweli, lifungue.

Jambo la mwisho. Septemba niliteremka Mlali kwa yule bibi, mimi na dada yangu na mpwa wangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba radhi, na kuku wawili, na gunia la mbegu ya njegere. Tulimkuta amekaa nje ya nyumba ya binti yake. Alimtazama mpwa wangu sana, akamshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akavitazama. Kisha akasema, "Nashukuru umeonekana, mjukuu wangu." Nami nikaanza maneno yangu. Nikaeleza habari ya daftari. Nikasema nilijua.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amenisamehe, wala hakusema hakunisamehe. Alitazama mlimani kwa kitambo, halafu akaniuliza, "Na zamu yangu ya maji itakuwa lini?"

Nikamwambia: Alhamisi, saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Nimekwisha iandika.

Wasalaam,
Mkulima wa Mgeta.